Jinsi ya kupima matatizo sugu ya nambari kwa uwezekano: mwongozo wa daftari na kalkuleta kutoka Kisumu

97 ni nambari tasa. Ilikuwa tasa jana, itakuwa tasa kesho, na hakuna sarafu inayorushwa popote ili kuamua jambo hilo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyesoma uwezekano darasani hushangaa akiambiwa kwamba wanahisabati hutumia hesabu ile ile ya sarafu na dadu kuchunguza nambari tasa. Mshangao wake ni wa haki. Jibu ni hili: pale ambapo hatujui nambari zimejipanga vipi, tunazichukulia kana kwamba zimetawanyika kwa nasibu, tunapiga hesabu ya kinachotarajiwa, kisha tunakwenda kuzihesabu zenyewe na kulinganisha. Zikikubaliana, tunapata sababu nzuri ya kuamini. Uthibitisho bado hatuna, na asiyetenganisha mambo hayo mawili asiianze kazi hii.

Nimeandika kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Kisumu na kaunti jirani, na kwa walimu wenzangu wanaoendesha vilabu vya hisabati. Unahitaji daftari, kalkuleta yenye kitufe cha ln, na ikiwezekana simu au kompyuta yenye Python. Angalia kitufe vizuri: ln ni logi asilia, na log iliyo kando yake ni ya msingi wa 10. Ukizichanganya, kila jibu hapa chini litakuwa na kasoro ya zaidi ya mara mbili.

Anza barabarani

Magari, matatu, bodaboda na tuktuk za Kenya hubeba tarakimu tatu kwenye nambari ya usajili. Simama mahali salama pale Kondele au karibu na soko la Kibuye, uandike tarakimu za vyombo sitini vinavyopita. Chukua kila kinachopita, usichague. Kisha keti ukague ni nambari zipi ni tasa, yaani kubwa kuliko 1 na zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Kwa nambari ya tarakimu tatu inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31, kwa sababu nambari tasa inayofuata ni 37, na 37 × 37 ni 1,369, ambayo imeshapita 999. Jihadhari na zile zinazofanana na tasa machoni: 221 ni 13 × 17, 323 ni 17 × 19, 437 ni 19 × 23, 667 ni 23 × 29, na 899 ni 29 × 31.

Kuanzia 1 hadi 999 kuna nambari tasa 168. Uwezekano wa chombo kimoja kubeba nambari tasa basi ni karibu 0.168, na katika sitini utarajie kumi hivi. Ukipata saba au kumi na tatu, hakuna kilichoharibika. Kipeuo cha pili cha 60 × 0.168 × 0.832 ni 2.9, na huo ndio upana wa kawaida wa kuyumba. Ukipata ishirini na tano, kagua upya orodha yako. Zoezi hili linafundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi kulitia mkononi mwako: matarajio na hesabu halisi hutofautiana, na tofauti yenyewe ina kipimo. Bila kipimo hicho, huwezi kujua lini tofauti ni ya bahati tu na lini inakuambia kitu.

Jua msongamano

Karibu na nambari n, uwezekano wa kukuta nambari tasa ni takriban 1/ln n. Carl Friedrich Gauss aliiona kanuni hii akiwa kijana, mwishoni mwa karne ya 18, kwa kusoma majedwali ya nambari tasa. Jacques Hadamard na Charles-Jean de la Vallée Poussin waliithibitisha mwaka 1896, kila mmoja kivyake. Kwa hiyo msingi wetu ni imara. Makisio yanaanza baadaye.

Ijaribu. Kati ya 10,000 na 11,000, chukua nambari ya katikati: ln 10,500 ni 9.26, na 1,000 ÷ 9.26 ni 108. Hesabu halisi ni 106. Ukijumlisha 1/ln n kuanzia 2 hadi milioni moja unapata karibu 78,627, na nambari tasa zenyewe ni 78,498. Hiyo ni tofauti ya nambari 130 hivi katika milioni nzima.

Mwaka 1936 Harald Cramér wa Uswidi alipiga hatua ya ujasiri. Alisema: tuseme kila nambari n inarushiwa sarafu yake, yenye uwezekano wa 1/ln n wa kuwa tasa, na sarafu hizo hazitegemeani. Kisha tuulize maswali yetu kuhusu sarafu hizo badala ya nambari tasa. Yote yanayofuata yanatoka kwenye wazo hilo, pamoja na masahihisho yake. Masahihisho ndiyo kazi yenyewe.

Mapacha: hesabu ya kwanza na kasoro yake

Mapacha ni nambari tasa mbili zinazotofautiana kwa 2, kama 11 na 13, au 59 na 61. Je, haziishi kamwe? Hakuna anayejua. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba kuna jozi za nambari tasa zisizo na kikomo ambazo tofauti yake haizidi 70,000,000. James Maynard na kundi la wanahisabati walioshirikiana mtandaoni waliishusha tofauti hiyo hadi 246. Kutoka 246 hadi 2, njia haijapatikana.

Sasa tumia sarafu za Cramér. Uwezekano wa n kuwa tasa ni 1/ln n, na wa n + 2 ni karibu ule ule. Kama hazitegemeani, zidisha: 1 gawanya kwa (ln n) ya kipeo cha pili. Jumlisha hadi milioni moja:

```
from math import log
jumla = 0
for n in range(2, 1000001):
    jumla = jumla + 1/log(n)**2
print(jumla)
```

Katika Python, log ni logi asilia. Jibu ni karibu 6,248. Jozi halisi za mapacha chini ya milioni moja ni 8,169. Tumekosa kwa karibu jozi elfu mbili, na kosa la namna hiyo si la kuyumba kwa kawaida. Kuna kitu hatukukihesabu.

Kabla ya kukitafuta, fanya jaribio la kuumbua hesabu yako. Uliza swali lile lile kuhusu n na n + 1. Hesabu ya sarafu itatoa tena karibu 6,248. Lakini katika kila nambari mbili zinazofuatana moja ni shufwa, na shufwa iliyo tasa ni 2 peke yake. Jozi halisi ni moja tu: 2 na 3. Hesabu inayosema elfu sita mahali penye moja haifai kuaminiwa popote mpaka irekebishwe. Ninawasihi walimu wasiiruke hatua hii. Mwanafunzi aliyekwisha kuona hesabu ikianguka hivi hawezi tena kuzidisha uwezekano mbili bila kujiuliza kama zinategemeana.

Mapacha: sahihisho la mabaki

Zinategemeana kupitia mabaki. Ukijua n ni witiri, n + 2 pia ni witiri. Hilo halina haja ya sarafu ya pili. Kwa hiyo tunapita kwenye nambari tasa ndogo moja baada ya nyingine, kila moja tukiiita p, na kuuliza maswali mawili. Kwanza, kama n na n + 2 zingekuwa nambari mbili zilizookotwa ovyo, uwezekano wa zote kukwepa kugawanyika kwa p ungekuwa ngapi? Pili, uwezekano wa kweli ni upi? Gawanya la pili kwa la kwanza. Hiyo ndiyo rekebisho la p.

Kwa 2: nambari mbili za ovyo hukwepa kwa ½ × ½, yaani ¼. Kwa kweli inatosha n iwe witiri, yaani ½. Rekebisho ni 2.

Kwa 3: za ovyo hukwepa kwa ⅔ × ⅔, yaani 4/9. Kwa kweli n isiache baki 0, na isiache baki 1, maana n + 2 ingegawanyika. Imebaki njia moja katika tatu. ⅓ gawanya kwa 4/9 ni ¾.

Kwa 5: za ovyo 16/25, za kweli 3/5, rekebisho 15/16. Kwa 7: za ovyo 36/49, za kweli 5/7, rekebisho 35/36. Umeshaona mtindo: kwa kila p kubwa kuliko 2, ni p × (p − 2) gawanya kwa (p − 1) ya kipeo cha pili.

Zidisha kwa mpangilio. 2 × ¾ ni 1.5. Ongeza 5, yaani zidisha kwa rekebisho la 5, inakuwa 1.406. Ongeza 7, 1.367. Ongeza 11, 1.354. Ongeza 13, 1.344. Ongeza 17, 1.339. Ongeza 19, 1.335. Kila rekebisho jipya liko karibu zaidi na 1, hivyo zao linatulia, na mahali linapotulia ni 1.3203.

Sasa zidisha 6,248 kwa 1.3203. Unapata karibu 8,250. Halisi ni 8,169, yaani tofauti ya asilimia moja. Panda hadi bilioni moja, na utabiri unakuwa 3,425,308 huku mapacha halisi ni 3,424,506. G. H. Hardy na J. E. Littlewood walichapisha kanuni hii mwaka 1923, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika huko. Ninapowaonyesha wanafunzi nambari hizo mbili za bilioni moja zikiwa zimeandikwa moja juu ya nyingine, sihitaji kuongeza neno.

Jipime kwa tofauti nyingine. Kwa n na n + 6, nambari zote mbili huacha baki lile lile kwa 3, kwa hiyo uwezekano wa kweli ni ⅔ na rekebisho la 3 linapanda kutoka ¾ hadi 1½. Mengine hayabadiliki. Utabiri ni kwamba jozi za tofauti ya 6 ziwe mara mbili ya mapacha. Hesabu kwa mkono chini ya 100: mapacha ni jozi 8, na za tofauti ya 6 ni jozi 15. Na kwa n na n + 1? Rekebisho la 2 linakuwa sifuri, na hesabu iliyotuumbua inajisahihisha yenyewe.

Goldbach kwa daftari

Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua ambayo kutoka kwake tumepata kisio hili: kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya nambari tasa mbili. Kompyuta zimekagua hadi 4 × 10 ya kipeo cha 18 bila kukuta shufwa iliyokataa.

Usihangaike na kukagua kwamba njia ipo. Hesabu njia ni ngapi. Nambari 100 ina sita: 3 + 97, 11 + 89, 17 + 83, 29 + 71, 41 + 59, 47 + 53. Fanya hivyo kuanzia 90 na utaandika: 90 ina njia 9, 92 ina 4, 94 ina 5, 96 ina 7, 98 ina 3, 100 ina 6. Mbona 90 na 96 zimewazidi majirani? Zote mbili hugawanyika kwa 3. Rudia hoja ya mabaki, ukiiita shufwa yako N na kuigawa kuwa a na N − a: kama N hugawanyika kwa 3, basi a ikikwepa 3, N − a nayo imekwepa bila kuombwa. Rekebisho la kuongezeka ni (p − 1) gawanya kwa (p − 2) kwa kila p ya witiri inayoigawa N: kwa 3 ni mara 2, kwa 5 ni mara 4/3, kwa 7 ni mara 6/5. Nambari 90 inapata zote mbili za kwanza. Nambari 98 ina 7, ingetakiwa kupanda kidogo, lakini imepata njia 3 tu. Kwa hesabu ndogo hivi kuyumba kunaifunika dalili. Endelea hadi 300 uchore grafu, nukta za vizidisho vya 3 kwa wino mwekundu. Zitajitenga juu ya nyingine.

Idadi ya njia inayotarajiwa hukua kama N gawanya kwa (ln N) ya kipeo cha pili. Katika ulimwengu wa sarafu, uwezekano wa N kukosa njia kabisa hupungua kwa kasi ya kutisha kadiri matarajio yanavyopanda, na baada ya mipaka iliyokwisha kukaguliwa, jumla ya uwezekano wote uliobaki ni ndogo kiasi cha kutoandikika kwa urahisi. Hii ndiyo sababu wanahisabati wengi huamini Goldbach. Bado si uthibitisho.

Je, zinaisha au haziishi?

Hapa kuna kanuni moja ya kushika. Andika uwezekano wa tukio la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea, kisha ujumlishe. Jumla ikikua bila kikomo, na matukio yakiwa hayategemeani, tarajia matukio yasiyo na mwisho. Jumla ikitulia mahali, tarajia yaishe. Wanaosoma uwezekano chuoni wataitambua kama kanuni ya Borel na Cantelli.

Mfano wa kwanza ni n² + 1: 2, 5, 17, 37, 101 na wenzao. Uwezekano ni karibu 1/(2 ln n), jumla inakua bila kikomo, kwa hiyo tunatarajia nambari tasa za namna hii zisiishe. Edmund Landau aliliweka swali hili kati ya matatizo manne aliyoyataja kwenye kongamano la Cambridge mwaka 1912, na hadi leo yote manne yako wazi.

Mfano wa pili unakwenda upande mwingine, nami naupenda zaidi. Chukua 2 ya kipeo cha 2ⁿ, uongeze 1. Kwa n kuanzia 0 hadi 4 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Pierre de Fermat aliamini zitaendelea hivyo. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba ya n = 5 ni 641 × 6,700,417. Piga hesabu: logi asilia ya nambari hiyo ni karibu 0.693 × 2ⁿ, hivyo uwezekano ni 1.44 gawanya kwa 2ⁿ. Jumla kuanzia n = 5 hadi milele ni 1.44 ÷ 16, yaani 0.09. Sarafu zinasema hata moja zaidi isitarajiwe.

Lakini hapa pia kuna sahihisho. Kila kigawo tasa cha nambari hizi, kuanzia n = 2, ni lazima kiwe kizidisho cha 2 ya kipeo cha n + 2, ukiongeza 1. (641 ni 5 × 128 + 1, na 128 ni 2 ya kipeo cha 7.) Nambari ndogo haziwezi kuzigawa kabisa, na hilo linapandisha uwezekano wa kuwa tasa. Inajulikana kwamba kuanzia n = 5 hadi 32 zote si tasa. Kuanzia 33, jumla bila sahihisho ni karibu 3.4 kwa bilioni kumi. Sahihisho linaipandisha mara arobaini na kitu hapo mwanzoni. Hata hivyo bado ni chini ya mbili kwa milioni mia moja. Kama ningelazimika kuchagua upande, ningesema tano zile ndizo zote.

3n + 1

Kisio la Lothar Collatz la mwaka 1937 linajulikana sana, kwa hiyo nitapita haraka. Nambari ikiwa shufwa, igawanye kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 na uongeze 1. Inadaiwa kila nambari hufika 1. Nambari 27 huchukua hatua 111, ikipanda hadi 9,232 kabla ya kuteremka.

Baada ya 3n + 1 unapata shufwa. Nusu ya wakati hugawanyika kwa 2 mara moja tu, robo ya wakati mara mbili, na kuendelea. Wastani ni mara mbili. Kwa hiyo kutoka witiri hadi witiri, nambari huzidishwa kwa 3 na kugawanywa kwa 4 kwa wastani. ¾ ni chini ya 1, basi tarajia kushuka. Badilisha 3 iwe 5: sasa ni 5/4, tarajia kupanda. Anza na 7 kwa kanuni ya 5n + 1 uone inavyokimbia. Hakuna aliyethibitisha kwamba haitarudi kamwe. Anza na 13 na utazunguka: 13, 66, 33, 166, 83, 416, 208, 104, 52, 26, 13. Mzunguko huo ni onyo. Wastani husema kuhusu nambari nyingi kwa pamoja. Nambari moja kaidi inaweza kuukwepa. Matokeo ya Terence Tao ya mwaka 2019 yana nguvu sana, lakini nayo yanahusu karibu nambari zote, si zote.

Mahali uwezekano unapodanganya

Sarafu hazijui aljebra. Jaribu a³ + b³ = c³. Kwa a na b za ukubwa wa N kuna jozi za kadiri ya N², na uwezekano wa jumla yao kuangukia mchemraba kamili ni wa kadiri ya 1/N². Zao ni kiasi kisichobadilika, kwa hiyo kila unapoongeza N maradufu unatarajia kiasi kile kile kipya, na hatimaye majibu yasiyo na kikomo. Ukweli ni kwamba hakuna hata jibu moja la nambari kamili chanya. Uthibitisho wake unaanzia kwa Euler. Muundo wa ndani wa mlinganyo umeyafunga majibu yote.

Sasa chukua vipeo vya tano, vinne vikijumlishwa kupata kimoja. Hesabu ya ukubwa iko mpakani vile vile: N ya kipeo cha 4 gawanya kwa N ya kipeo cha 4. Euler alikisia mwaka 1769 kwamba haiwezekani. Mwaka 1966 Leon Lander na Thomas Parkin, kwa kompyuta, walipata 27⁵ + 84⁵ + 110⁵ + 133⁵ = 144⁵. Hesabu moja, majibu mawili yanayopingana. Ndipo ujue kwamba tatizo likiwa mpakani, uwezekano hauna uamuzi, na ukitafuta, tafuta muundo.

Kuna pia upendeleo usioonekana na msongamano. Nambari tasa za witiri huacha baki 1 au 3 ukizigawa kwa 4, na kwa muda mrefu pande zote ni nusu kwa nusu. Lakini hesabu hadi 100: za baki 1 ni 11, za baki 3 ni 13. Chebyshev aliona mwaka 1853 kwamba baki 3 huelekea kuongoza. Baki 1 haipati kuongoza hata mara moja mpaka 26,861. Sarafu za haki zisingechelewa hivyo, na sababu yake imejificha kwenye miraba ya nambari tasa.

Mara nyingine, kinyume chake, sarafu huona mbali kuliko kompyuta. Ipe kila nambari alama: sifuri ikiwa inagawanyika kwa mraba wa nambari tasa, +1 ikiwa zao la nambari tasa tofauti ambazo idadi yake ni shufwa, −1 idadi ikiwa witiri. Nambari 1 hupata +1. Jumlisha alama kuanzia 1 hadi N. Hadi 10 jumla ni −1. Mwaka 1897 Franz Mertens alikisia kwamba jumla hiyo haizidi kipeuo cha pili cha N kamwe, na kila jedwali lilimuunga mkono. Lakini anayejua kurusha sarafu anajua kwamba jumla ya +1 na −1 huvuka kipeuo cha pili cha idadi ya marusho tena na tena, ukisubiri vya kutosha. Mwaka 1985 Andrew Odlyzko na Herman te Riele walithibitisha kwamba Mertens alikosea, bila kuweza kuitaja hata N moja inayomkanusha. Na kama jumla hiyo haikui kwa kasi kuliko N ya kipeo chochote kilichozidi nusu, jinsi sarafu zinavyotabiri, hiyo ni sawa kabisa na kisio la Riemann, lile kisio maarufu kuhusu mtawanyiko wa nambari tasa.

Kuandika matokeo

Kwenye ripoti ya klabu yako, weka safu tatu: utabiri mbichi, utabiri uliosahihishwa kwa mabaki, na hesabu halisi. Andika umejumlisha kuanzia wapi hadi wapi. Chini yake andika wazi ni kipi kimethibitishwa na nani, na kipi ni kisio. Walio karibu na Chuo Kikuu cha Maseno, au cha Masinde Muliro pale Kakamega, wampelekee mhadhiri wa hisabati jedwali hilo na wamuulize swali mahususi kuhusu safu ya pili.

Zoezi la kuanzia: nambari tasa tatu n, n + 2, n + 4. Tafuta rekebisho la 3 kwanza, na utaona kwa nini 3, 5, 7 hawana wenzao. Kisha chukua n, n + 2, n + 6. Rekebisho la 2 ni 4, la 3 ni 9/8, la 5 ni 25/32, na kwa kila p kuanzia 5 ni p² × (p − 3) gawanya kwa (p − 1) ya kipeo cha tatu. Zao linatulia karibu na 2.858. Lizidishe kwa jumla ya 1 gawanya kwa (ln n) ya kipeo cha tatu hadi milioni moja, kisha uandike programu ya kuzihesabu zenyewe. Ili kujua kama programu yako iko sawa, ijaribu chini ya 1,000 kwanza: inapaswa kutoa makundi kumi na tano, la kwanza likianza na 5 na la mwisho likianza na 881.